Vipimo vya Baba Nadine

Sababu ya safari yangu ilikuwa daftari. Nasema hivyo mapema kwa sababu tangu nirudi Kigoma watu wananisimamisha njiani: fundi cherehani wa mtaa wa Mwanga kaenda Ulaya kufanya nini? Nikiwajibu kwamba nilikwenda kushona suti moja, wanaguna na kutazamana. Wanadhani nawaficha jambo. Sina la kuficha. Mwaka 2013, mwezi wa tatu, nilipanda ndege kwenda Ubelgiji nikiwa na daftari langu la vipimo mkobani. Daftari ndilo lililoitwa. Mimi nilikuwa mbebaji tu.

Vita ilipofika Kalemie, ng'ambo ya ziwa, mwishoni mwa miaka ya tisini, watu wengi walivuka kuja kwetu. Wengi walikwenda makambini, lakini familia moja ilikaa katika chumba changu cha uani: Jérôme, fundi wa reli, mkewe Béatrice, na binti yao Nadine, wa miaka minane. Sisi tukawaita Baba Nadine na Mama Nadine. Siku ya pili nilimpima yule baba nimshonee shati. Alisimama wima, mikono imenyooka, nikaandika kifua inchi arobaini na mbili. Shati lilipokwisha akalivaa, na humo ndani mlibaki nafasi ya Nadine. Baraza nzima ilicheka. Ndipo akakiri kwa aibu kwamba siku ile nampima, chini ya koti la kazi alilokataa kulivua, alikuwa amevaa mashati manne na sweta. Kwao, vita ikikaribia, mtu alivaa kabati lake lote, maana mikono inatakiwa kumbeba mtoto. Alikuwa hajaamini bado kwamba amefika, kwa hiyo hakuvua. Nikampima upya na fulana tu: thelathini na saba. Nikaandika chini ya ile ya kwanza, na kwa kuwa natumia kalamu ya wino, zote mbili zilibaki.

Baada ya miezi kumi Baba Nadine alisema anavuka kwenda kumchukua mama yake mzazi. Hakurudi. Hakuna aliyemwona akifika, wala hakuna aliyemwona amekufa. Mmoja alisema kaonekana Moba, mwingine akasema Lubumbashi. Mama Nadine alingoja kwangu mwaka mwingine mzima, kisha akapata nafasi ya kwenda Ubelgiji na mtoto. Tukabaki kusalimiana kwa simu kila Idi na kila Krismasi.

Januari ile simu ikaja bila sikukuu.

"Mama Hamisi, Nadine anaolewa," akasema Mama Nadine. "Mais iko matatizo ya suti."

Hiyo mais ni lakini ya Kifaransa. Akanieleza. Kwa Wakongo, siku ya kutoa mahari, ambayo wao huiita *dot*, upande wa bwana harusi huleta vitu vilivyoagizwa, na kimoja hakikosekani: suti ya baba wa bibi harusi. Mama Nadine alikuwa amekwenda dukani kuichagua. Muuzaji akamuuliza, saizi gani? Akatoka dukani bila kujibu na hakurudi.

"Ile kitabu yako ya kupima batu, uko nayo?"

"Ninayo."

"Bon. Ukuye nayo," akasema, yaani nije nalo.

Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam nilikwenda kwa treni, siku mbili na kidogo, nikiwa nimekumbatia mkasi wangu ndani ya kitambaa. Dar nilikaa kwa mwanangu Hamisi nikisubiri viza. Ubalozini dada mmoja aliniuliza nakwenda kufanya nini, nikamwambia kweli yote, na barua ya mwaliko ikasema vivyo hivyo. Akatabasamu, akaichukua pasipoti yangu. Mkasi ilibidi uwekwe kwenye begi kubwa, kwa sababu kwenye ndege hawataki kuuona. Niliumia, maana sijawahi kutengana nao tangu niununue.

Jumamosi asubuhi nilitua Brussels. Mama Nadine alikuwa mlangoni na koti la ziada mkononi, kanenepa, nywele zimeingia mvi, lakini kicheko ni kilekile. Hatukusalimiana, tulishikana tukapiga kelele mpaka watu wakageuka. Nadine nilimwacha akinifika kiunoni, sasa ananipita kwa kichwa. Akanipigia goti pale pale kwenye sakafu ya uwanja wa ndege, suruali ya jinzi na yote. "Maman mukubwa," akaniita, kwa maana ya dada mkubwa wa mama yake. Hapo machozi yalinitoka.

Aliyetuendesha aliitwa Tonton, yaani ami, Félicien, binamu wa Baba Nadine, mlinzi wa jengo moja la ofisi kule Schuman wanakofanya kazi wakubwa wa Ulaya. Mtu mnene, mcheshi, viatu vinang'aa utadhani vimetoka dukani asubuhi hiyo. Yeye aliondoka Kalemie kwenda kusoma miaka mingi kabla ya vita. Kabla hatujafika mjini alinipa karatasi iliyokunjwa, vipimo vyake mwenyewe, kwa kudhani suti ya baba ataivaa yeye.

"Mama Hamisi, mesures yangu iko hapa. Kifua ni cent sept. Mukono, usiufupishe, minapenda inafunika saa kidogo."

Mama Nadine akatazama nje ya dirisha. Nami, kwa mazoea ya kazi, nikageuza zile sentimita mia moja na saba kuwa inchi kichwani: arobaini na mbili. Nikaikunja karatasi nikaitia mkobani.

Nyumba yao ni vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, hatua chache kutoka barabara ndefu ya Chaussée de Wavre. Mtaa wenyewe wanauita Matonge. Niliposhuka kununua uzi nilijiuliza kama kweli nimevuka bahari: sombe, yaani kisamvu, imefungwa mafungu, samaki wakavu, vitenge vimetundikwa hadi darini, kinamama wanasuka, wanaume wamesimama milangoni wakibishana kwa Kilingala. Baridi tu ndiyo ilinikumbusha niliko. Mama Nadine, akijua mimi ni Mwislamu, alikuwa amekwenda mpaka Molenbeek kwa wauza nyama wa Kimoroko akajaza friji nyama halali ya kunitosha mwezi. Nikamwambia nakaa siku kumi tu. Akasema basi nile haraka.

Jumapili na Jumatatu tulikaa jikoni tukapiga soga. Nilidhani nawajua watu hawa kwa kuwa walilala kwangu, kumbe kwangu hawakuwahi kusimulia, wala sikuwahi kuuliza. Niliona ni kuwatonesha. Sasa alisimulia huku akikaanga vitumbua, tena akicheka. Sokoni Kalemie, alisema, wakati wa vita bidhaa zote zilipangwa juu ya kitenge kimoja, ili malori ya askari yakisikika unashika pembe nne, unatwika, unakwenda. Nusu saa baadaye unarudi, unakunjua, na mteja wako anaendelea kulalamikia bei alipoishia. Risasi zikilia karibu, walikaa chini ya meza wakasukana nywele, kwa sababu kukaa bure kunatia hofu zaidi. Mwalimu wa Nadine alilipwa kwa samaki, na mzazi aliyeleta samaki wadogo alisemwa mtaa mzima. Kila asubuhi Baba Nadine alinyoa ndevu akaenda karakana ya reli, ingawa treni haikuwa imepita kwa miezi. Alifagia, akatia vifaa mafuta, akarudi saa kumi amechoka kama mtu aliyefanya kazi.

"Na majirani mligombana?" nikauliza.

"Eee! Maman wa pembeni alikula kuku yangu. Vita iko hapo barabarani, mais kuku yangu je? Nilienda kumusemea mbele ya batu. Hata leo sijamusamehe."

Tulicheka hadi vitumbua vikaungua. Nikajua basi kwamba maisha yao kule hayakuwa kukimbia tu, kama nilivyodhani miaka yote. Walikuwa na ugomvi wa kuku kama sisi.

Jumanne jioni alikuja mzee wa upande wa bwana harusi, Papa Kasongo, mtu wa Lubumbashi, mpole, kofia mkononi. Alileta kitambaa chenyewe, sufu ya kijivu, nzuri kweli. Nilikipapasa nikamheshimu papo hapo. Mama Nadine akamwambia suti itashonwa kwa vipimo vya mumewe, na Jumamosi itawekwa kwenye kiti chake mbele ya watu, imngoje. Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Maman Béatrice, tunakuheshimu. Mais suti ya papa ya mutoto haibakie ku kiti. Muntu anaipokea, anatubariki, njo tunachukua bibi. Kama Jérôme eko muzima, tutamungoja, hata mwaka. Kama alikufa, museme, tulie pamoja, kisha tucheze. Mais katikati, hapana. Tutaoa mutoto wa nani?"

Hakusema kwa ubaya. Alipoondoka, Tonton Félicien akasema yeye yupo, anaweza kupokea, mambo yakaisha. Mama Nadine akaingia chumbani akafunga mlango. Kupokea suti ni kukaa kwenye nafasi ya baba, na nafasi ya mtu aliye hai haikaliwi. Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kutamka kwamba mumewe amekufa, wala hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yake. Sasa alitakiwa aseme kabla ya Jumamosi, la sivyo ndoa ya binti yake isimame.

Jumatano nilijaribu cherehani ya umeme waliyoniazimia kwa jirani. Mimi nimezoea ya miguu, nayo hunitii. Hii niliigusa tu ikaruka na kitambaa cha majaribio ikakimaliza chote kabla sijapumua. Nadine alicheka, akakaa karibu yangu, akaacha kucheka.

"Maman mukubwa, sitaki kusema papa alikufa. Na sitaki tena kusema eko. Nimechoka, vraiment. Trésor mwenye atanioa akiniuliza, papa yako eko wapi, minasema, en voyage. Safari gani hii?"

Nikampa sindano anitungie uzi. Lakini kichwani nilikuwa na ujanja, na nitauungama hapa. Niliwaza: nikishona arobaini na mbili, Mama Nadine atasema ni ya mumewe, maana akiwa hai bila shaka amenenepa. Félicien naye itamkaa sawasawa. Siku ya Jumamosi kila mtu ataona anachotaka kuona, na Papa Kasongo atachukua bibi. Nilijiona mwerevu mno. Nikalala vizuri.

Alhamisi, saa nne asubuhi, tulisogeza meza ya kulia katikati ya sebule. Nikatandaza ile sufu, nikatoa chaki na mkasi, nikafungua daftari na kuligeuza upande wa Mama Nadine. Kitambaa kilitosha suti moja tu, hapakuwa na nafasi ya kukosea.

"Nikate ipi?" nikauliza.

Wao namba huzitaja kwa Kifaransa, na hizi mbili nilikwisha kuzijua kwa masikio. "Quarante-deux," akasema bila kusita, yaani ile ya kwanza. "Eko na miaka cinquante, hamsini, sasa. Atakuwa na tumbo."

Nikainama, nikachora mstari wa kwanza. Nikasikia, "Ngoja."

Alikuwa ameweka kidole kwenye daftari. Nikaiweka chaki chini.

"Ule wa quarante-deux, Mama Hamisi, ulimuona lini?"

Ujanja wangu wote uliniishia mdomoni. "Sijamwona kamwe," nikasema. "Ni kosa langu la kupima. Alikuwa amevaa nguo zake zote."

"Na mimi sikumuona. Bwana yangu ni ule wa trente-sept. Ule njo alitoka ku nyumba yako asubuhi. Huyu mwingine tulimutengeneza tu, mimi na wewe." Akanirudishia chaki. "Kata trente-sept."

"Haitamwenea Félicien."

"Haiko ya Félicien. Ni ya muntu mwenye alikufa." Akanishika mkono. "Alikufa, Mama Hamisi. Angekuwa muzima, angekuya. Si unamujua?"

"Namjua," nikasema. "Angekuja."

Alilia kwa sauti ambayo sikuisikia hata walipofika kwangu kutoka ziwani. Nami nililia, sioni haya kusema, kwa sababu nilimpenda yule mtu kama mdogo wangu na miaka yote nilijizuia kumlilia. Nadine alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja akapiga magoti kati yetu, na mama yake akamwambia maneno yale yale tena, akimtazama usoni, ili ayasikie kutoka kwake na si kwa mwingine. Mtoto akalala mapajani pake. Saa sita nikaosha uso, nikafuta mstari wangu wa chaki, nikasema bismillahi, nikakata.

Jioni Tonton Félicien akatokea kazini na sare yake ya ulinzi, akauliza suti yake imefikia wapi. Mama Nadine akamweleza yote. Félicien akaenda mezani, akanyanyua kipande cha mgongo, akakiweka kwenye mgongo wake mwenyewe. Mabega yake yalizidi pande zote mbili.

"Alikuwa mudogo hivi?"

"Ni vita," akajibu Mama Nadine. "Ulikuwa huku. Haukumuona."

Mcheshi yule akakaa chini, kofia kwenye goti, akalia kama mtoto. Katika akili yake binamu yake alikuwa bado yule kijana mwenye mabega aliyemwacha Kalemie. Nikajuta kumcheka moyoni kwa ajili ya mikono ya kufunika saa.

Ijumaa hakuna aliyepika chakula cha sherehe. Watu wa Kalemie waishio Brussels walikuja kukaa matanga, wengi wakitoka kazini na nguo za usafi au za hospitali, wakaimba nyimbo zao za kanisa. Nilishona chumbani mlango ukiwa wazi, kola na mifuko, nikiwasikia wakimtaja Jérôme kwa wakati uliopita. Papa Kasongo alikuja wa kwanza akaondoka wa mwisho. Mpaka wanaondoka nilikuwa nimepiga pasi.

Jumamosi mchana, katika ukumbi wa parokia, pande mbili zilikaa zikitazamana. Vitenge, chumvi, mafuta, jembe, vyote vilipita na vigelegele. Ilipofika suti, msemaji wao akaishika juu na kuuliza, "Mwenyewe ni nani?" Tonton Félicien akasimama na suti yake kuukuu, viatu vinang'aa. Akaipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

"Mimi Félicien," akasema, "minaipokea ju ya kaka yangu Jérôme, mwenye alikufa. Hainienei. Alikuwa muntu wake, mimi ni muntu wangu. Mais mutoto ni wetu, na tunawapa na baraka."

Ukumbi mzima ulisimama. Kisha Papa Kasongo akapiga kofi moja, la pili, na kinamama wakafuata, na muziki ukawaka. Nadine alicheza na mumewe, akacheza na Félicien, akaja kunivuta mimi. Sijui kucheza rumba. Nilicheza.

Jumatatu nilirudi, mkasi kwenye begi kubwa. Kwenye uwanja wa ndege Mama Nadine alinishika mikono na kunipa ujumbe mmoja: watu wa Mwanga waliomjua mumewe waambiwe. Miaka yote walikuwa wakimuulizia kwangu, na mimi nikiwajibu bado hakuna habari. Juu ya mawingu niliwaza hilo. Nilidhani wema ulikuwa kutowauliza wageni wangu yaliyowapata, na kumngojea mtu wao pamoja nao bila kutaja lolote. Sasa naona niliwaacha wabebe peke yao. Mtu aliyetoka vitani anataka kusimulia kuku wake na nywele zake na karakana yake iliyofagiwa, na anataka mtu wa kumwambia fulani kafa, tulie.

Alasiri niliyofika nyumbani sikufungua hata begi. Nilitoka barazani kwa majirani, wale wale waliocheka lile shati, nikawaambia Baba Nadine amefariki. Mama Asha akajishika kichwa.

"Lini?"

Nilikumbuka kidole cha mkewe kwenye daftari. "Alhamisi ya wiki iliyopita," nikasema. "Saa nne na nusu asubuhi."

"Wapi?"

"Brussels, sebuleni kwa mkewe. Nilikuwepo."

Hawakuuliza zaidi. Mama Asha akaingia ndani, akatoka na mkeka wa matanga.